Kwa Mzee Wandera, Aliyerudishwa Mpakani

Mzee Wandera,

Siku ya mazishi yako walinipa kipaza sauti nikashindwa. Mchungaji alisema, "Sasa tumsikie fundi mwenzake kutoka Kisumu," watu wakageuka kumtafuta mwanamume, nikasimama mimi na viatu vyangu vilivyojaa vumbi la Busia. Nikasema, "Mzee alikuwa..." Nikalitazama jeneza, nikamrudishia mchungaji kipaza sauti. Mama mmoja nisiyemjua akanishika mkono akanikalisha, wakaanzisha wimbo.

Kwa hiyo naandika. Nimekaa hapa mlangoni kwangu Nyalenda, watoto wameenda shule, na yale niliyotaka kusema siku ile bado yamenikaa kifuani. Na kuna mengine yametokea baadaye, ambayo huyajui. Moja ni zito. Nilijiuliza kama ni haki kumwambia mtu aliyelala jambo kama hilo, lakini wewe hukupenda kufichwa. Nitafika hapo. Usinikimbize.

Acha kwanza nikumbuke pale tulipokutana, maana nikikumbuka hapo napata nguvu.

Nilikuwa nimetoka Kombewa, kule Seme, baada ya kumzika baba watoto. Nilipata kibarua kwenye mjengo kule Milimani, kubeba maji na mchanga. Wewe ulikuwa ndani, umepiga magoti sakafuni, magoti yako umeyafunga matambara, unapanga vigae vya sebule ya mtu. Nikakuletea simiti niliyochanganya mwenyewe kwa haraka. Ukaitazama, ukachota kwa mwiko, ikachuruzika.

"Nyar Seme, huu ni uji. Nani atakunywa?"

Nyar Seme, binti wa Seme, ndilo jina ulilonipa. Vibarua wote wakacheka. Nikatamani ardhi ipasuke. Lakini hukucheka nao. Ulisubiri watoke, ukaniita. Ukaniwekea kigae mkononi, ukaniambia nikigonge kwa mpini wa mwiko baada ya kukilaza. "Sikiliza. Ikilia nzito, imeshiba simiti. Ikilia kama debe, ndani kuna hewa, siku mtu akikanyaga vibaya itapasuka. Macho yatakudanganya, sikio halidanganyi."

Nikagonga. Kikalia kama debe. Ukakibandua, nikaanza tena.

Nyapara alipokuona unanifundisha alisema kazi ya vigae si ya mwanamke, mgongo wangu utakatika. Ukamjibu huku umeinama, hata kichwa hukuinua: "Sakafu haiulizi nani ameipanga." Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wako wa mkono, kisha fundi mwenzako, na watoto wangu wakakuita Kwaru, babu yao, ingawa babu zao wote wawili wamelala Seme.

Watu wengi hawakujua kwamba wewe si Mkenya. Dholuo chako, yaani Kijaluo chetu, kilikuwa safi hata mama wauza samaki wa Dunga walidhani umetoka Alego. Mimi nilikugundua kwa jinsi ulivyohesabu. Ulipokuwa unapima chumba ulikuwa unahesabu vigae kwa Kisamia, taratibu, midomo ikicheza. Nilipokuuliza ukaniambia kwenu ni upande wa Uganda, karibu na Lumino, na shangazi zako wote wamezikwa upande wa Kenya. "Mpaka ulipita katikati ya shamba la babu yangu. Haukupiga hodi." Ulikuja Kisumu ukiwa kijana, umepitia kwenye mashamba ya mihogo usiulizwe kitu, na ulipokuwa ukienda nyumbani Krismasi ulipita vilevile, katikati ya akina mama waliobeba ndizi, umeinamisha kichwa. Mtu mzima, mwenye mvi. Ulikuwa unasimulia ukicheka, lakini mimi sikuwahi kuona cha kuchekesha.

Nakumbuka Jumapili zetu pale Dunga, ufukweni mwa ziwa, baada ya kanisa. Ulikuwa unachagua ngege mwenyewe, unafunua mashavu ya samaki kama daktari. Kichwa kilikuwa chako, hakuna aliyethubutu kukigusa. Ukishashiba unanyoosha kidole ziwani: "Ningepiga kelele hapa, Mama Nabwire angenisikia, ila hizi milima za watu zimezuia." Watoto wakajaribu kupiga kelele. Wakaita "Mama Nabwire!" mpaka wavuvi wakageuka. Ulikuwa unamtaja mkeo huyo kila siku, yeye na binti yenu Nabwire, na mimi sikuwa nimewahi kuwaona. Nilikuja kuwaona ukiwa umelala kitandani.

Na nakumbuka siku ile tulipoenda wote wawili kuomba kibali chako cha kazi. Ulivaa koti lako la kahawia. Kijana wa dirishani alikuwa na heshima, siwezi kumsema vibaya. Akauliza, "Mzee, mwajiri wako ni nani?" Ukafikiri. Ukamwambia mwezi huu ni mama fulani wa Mamboleo, mwezi uliopita alikuwa daktari wa Riat, mwezi ujao hujui. Akasema lazima iwe barua kutoka kwa mwajiri mmoja, kampuni au mtu, aseme wewe ni mfanyakazi wake. Nani angeiandika? Mtu akishawekewa sakafu hana haja nawe tena mpaka ajenge nyumba nyingine, na wengi hawajengi nyingine. Tulitoka nje, ukanunua njugu, ukanipa nusu. "Nyar Seme, mimi nimeajiriwa na Kisumu nzima. Tatizo ni kwamba Kisumu haina mhuri."

Tukarudi kazini. Ndivyo ulivyokuwa. Mlango ukifungwa unarudi kazini.

Kisha ukaja ule mwaka wa vigae.

Tulikuwa kwenye kibanda cha chai, sisi watatu: wewe, mimi, na Ochieng wa plasta. Ochieng alikuwa anatutangulia kila nyumba, yeye anapaka plasta kuta, akimaliza sisi tunashuka sakafuni. Redio ikasema ushuru wa vigae kutoka nje umepandishwa ili viwanda vya nyumbani vipate nafasi. Ochieng akafurahi. "Wacha vijana wetu watengeneze." Nawe ukakubali, ulisema ni aibu nchi yenye udongo mzuri hivi kununua udongo uliochomwa ng'ambo ya bahari. Sikukataa, na hata leo sikatai. Labda kuna mama mwingine kama mimi aliyepata kazi katika kiwanda hicho, akalipia watoto wake karo. Simjui, lakini namtakia mema.

Ila sisi tulikuwa upande wa pili wa vigae. Vilivyokuwa dukani vikapanda bei, vya nyumbani vikawa haviji vya kutosha, vikija vinachukuliwa na wenye majengo makubwa. Nondo nazo zikapanda. Wenye nyumba wakawa wanakuja dukani, wanauliza, wanakuna kichwa, wanarudi. "Fundi, kwa sasa tupige simiti tu. Vigae baadaye." Ukipita Kibos uliona nyumba zimehamiwa hazijakamilika, watu wanaishi kwenye sakafu ya kijivu. Simu zikapungua. Zilizobaki zilikuwa zinakuita wewe, kwa sababu mtu akipata vigae kwa taabu hataki vivunjwe na fundi wa kubahatisha. Ukiitwa wewe, mimi naitwa, Ochieng anaitwa, na akina mama wanaobeba maji wanaitwa.

Kwenye vibanda maneno yakabadilika. Njaa ina maneno yake. "Waganda wamejaa hapa." "Sisi tunalala njaa, mgeni anafanya." Ulikuwa unayasikia. Siku moja uliweka kikombe chini ukaniambia kwa sauti ndogo, "Miaka yote hiyo nilikuwa fundi. Leo ndiyo nimekuwa mgeni."

Lile jengo la mwisho unalijua vizuri kuliko mimi. Nyumba ya mwalimu mstaafu kule Mamboleo, tuliyemwita Mama Mwalimu. Alikuwa amenunua vigae vyake mapema kabla bei haijapanda, rangi ya bluu ya maji ya kina, akavihifadhi chini ya kitanda akisubiri pensheni. Alisema hatamruhusu mtu mwingine avikate. Tulikuwa tumefika chumba cha pili.

Walikuja asubuhi jua likiwa limeshachomoza vizuri, maafisa wawili wa uhamiaji. Hawakuuliza kuna wageni hapa. Waliuliza, "Fundi Wandera ni nani?" Kwa jina. Hilo lilinigonga, lakini sikupata muda wa kulifikiria.

Ulikuwa umeshika kigae. Ulisema, "Ni mimi." Kisha ukawaomba umalize hicho kimoja kwa sababu simiti ilikuwa imeshapakwa chini. Yule mkubwa akatazama mwenzake, akasema, "Malizia, Mzee." Ukakilaza, ukakigonga, ukasikiliza, ukakipangusa kwa kitambaa. Ukasimama kwa taabu, goti moja kwanza. Ukachukua mfuko wako wa vifaa ukampa Ochieng. "Nichungie." Mimi ukaniambia, "Nyar Seme, usiache hiyo simiti ikauke."

Nikaitumia yote, Mzee. Nililia huku napanga, lakini niliitumia yote. Baada ya hapo Mama Mwalimu akafunga geti. Alikuwa ameambiwa kwamba anayemwajiri mgeni asiye na kibali naye ana kesi, akaogopa kuona fundi yeyote pale. Mimi nikarudi nyumbani, Ochieng akarudi nyumbani, na akina mama wa maji, na yule mzee wa mkokoteni wa mchanga.

Ulinipigia simu ukiwa umeshavushwa, kwa simu ya mtu. Upepo ulikuwa unavuma. Ulisema, "Nimerudishwa nyumbani kama mgeni." Nikakuuliza umekula. Ukasema, "Nitakula." Ndivyo ulivyoagana na Kisumu, wewe na mimi tukiulizana chakula.

Nilipokuja kukuona huko kwenu, kikohozi kilikuwa kimekumaliza mwili. Lile vumbi la kukata vigae, miaka yote umelimeza ukifunga pua kwa leso. Kisumu ulikuwa na dawa yako na yule muuguzi aliyekujua. Kule kwenu mlikuwa mnaenda mbali, na hapakuwa na kazi ya kigae hata kimoja, sakafu zote ni udongo na simiti. Ulikuwa unalima mihogo ukipumzika kila mstari. Mama Nabwire alinipokea kama ndugu. Nabwire alinitazama mikono tu, mikono yangu hii yenye mikato, akauliza, "Ni kweli alikufundisha wewe?" Nikasema ni kweli. Niliona kilichomuuma: mimi nilikaa na baba yake miaka ambayo yeye alimpata Krismasi tu.

Wewe ulikuwa unataka habari moja. "Vigae vimeshuka bei?" Nikakuambia bado. Ukafunga macho. "Vitashuka. Watu hawatakanyaga simiti milele." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kinywani mwako. Fundi mpaka mwisho.

Nabwire alinipigia mvua za vuli zilipoanza. Nilikuwa naanika omena, wale dagaa wetu wa ziwani, maana nilikuwa nimeshaingia biashara ya omena za Dunga, vigae hakuna. Nikaona simu, nikaona jina lake, nikajua. Mvua ikanyesha omena zote zikalowa, sikuziondoa.

Sasa nifike kwenye lile zito.

Baada ya mazishi Ochieng alikuja kwangu mchana. Alikuwa amekonda, shati limemning'inia. Alibeba mfuko wako wa vifaa. Nikamkaribisha kiti, akakataa, akakaa hapa hapa kizingitini nilipokaa sasa. Akafungua mfuko. Mwiko wako, nyundo ya mpira, pima maji, kikataji, vyote amevipaka mafuta visishike kutu. Nikasema, "Ero kamano, Ochieng, asante, umevitunza." Akaanza kulia. Nikadhani ni msiba.

"Awino, ni mimi nilipiga simu."

Sikuelewa. Akarudia: ndiye aliyewapigia watu wa uhamiaji akawatajia jina lako. Alisema mwanawe alikuwa amerudishwa kutoka shule, nyumba ilikuwa imefungwa kufuli na mwenye nyumba, na kila siku alikuwa anasikia kwenye vibanda kwamba Waganda wakiondoka kazi itabaki. Alijua kupanga vigae kidogo kwa kututazama. Alidhani wewe ukitoka, Mama Mwalimu atamwambia yeye amalizie. "Nilidhani kazi ni kama kiti. Mtu akisimama, mwingine anakaa."

Kumbe kazi ile ilikuwa sufuria juu ya mafiga, Mzee. Aling'oa figa moja ili apate nafasi ya kuota moto.

Nikamwambia atoke. Sikupiga kelele. Akaondoka akauacha mfuko. Niliutazama huo mfuko nikakumbuka ulivyompa kwa mikono miwili, kati ya watu wote waliokuwa mle ndani. Ulimwamini yeye. Nilikuchukia kidogo kwa hilo, nisamehe. Ni hasira ya msiba, haina macho.

Ndiyo habari yenyewe. Umeshaijua. Pumzika kidogo, na mimi nipumzike.

Mama Mwalimu naye aliniita. Amezeeka ghafla. Chumba kile cha pili bado kimeishia pale ulipoishia. Aliniambia, "Nilifunga geti kwa woga, Awino. Sijalala vizuri." Akanipa vigae vya bluu vilivyobaki, akasema sakafu yake ataiacha hivyo hivyo, hivi vikufunike wewe kaburini. Nikaamua nije nikujengee kaburi kwa mkono wangu.

Asubuhi ya safari nikamkuta Ochieng kituoni na kigunia chake. Sijui nani alimwambia. Akasema, "Nitachanganya simiti." Nikapanda gari. Akapanda, akakaa nyuma. Mpaka Busia hatukusemezana.

Pale mpakani ndipo nilipoona maajabu. Nikatoa kitambulisho, binti wa dirishani akatazama uso wangu, akanipitisha bila swali la pili. Ochieng naye akapita. Kisha wakafungua maboksi ya vigae. Wakageuza kigae kimoja, wakasoma mgongoni kilikotengenezwa, mbali kabisa, ng'ambo ya bahari. Yule afisa akasema vitu vya kutoka nje ya jumuiya yetu ya Afrika Mashariki lazima vilipiwe ushuru kabla ya kuvuka.

Nikamwambia, "Ni vya kaburi, mwanangu."

Akavua kofia akaivaa tena. "Mos, Mama. Pole sana. Lakini kaburi halimo kwenye vitu vilivyosamehewa. Wewe pita. Vigae vibaki."

Nikasimama pale nikacheka, Mzee. Watu wakanitazama wakadhani nimepagawa. Wewe walikutoa Kisumu, vigae vikabaki. Mimi nilipita, vigae vikazuiwa. Nikaviacha kwa mama mmoja auzaye chapati upande wa Kenya, tukavuka na mfuko wako wa vifaa tu. Nikawaambia watu wa nyumbani kwako, wakachanga, wakanunua vingine Busia upande wao, vya kahawia kama udongo wenu. Ungevitazama ukasema si vibaya. Vimenyooka.

Kabla Ochieng hajagusa mchanga, alienda kwa Mama Nabwire akapiga magoti, akamwambia yote. Sikuwa nimemtuma. Nilisimama mbali lakini nilisikia. Mama Nabwire alikuwa anapepeta mtama. Hakusimamisha ungo. Akapepeta mpaka mwisho, akauweka chini, akasema:

"Fanya hiyo kazi uliyokuja kufanya. Lakini kwangu hutakula."

Ochieng akachanganya simiti siku nzima bila kuinua kichwa. Alichanganya vizuri, nzito kama ulivyopenda. Chakula kilipoletwa akatoka akaenda kukaa barabarani kwenye jua. Mimi nikala kidogo, nikasukuma sahani. Nabwire alimpelekea maji. Maji tu, akayaweka chini kando yake, akarudi bila kumtazama. Mama yake aliona, hakumkataza.

Nabwire huyo huyo ndiye aliyekuja kupiga magoti karibu na mimi mchana. Aliuliza kwa nini nagonga kila kigae. Nikamwonyesha. Mstari wa upande wa miguu ameupanga yeye. Viwili vilikuwa na hewa, akavibandua mwenyewe kabla sijasema. Una mwana, Mzee. Ana subira yako na kiburi cha mama yake. Jioni aliniambia anataka kuja Kisumu kujifunza kazi ya baba yake. Nikamwachia mfuko wako wa vifaa, ni wake.

Kuhusu Ochieng. Tulirudi pamoja. Nimepata kazi ya zahanati moja kule Pap Onditi, vyumba vitatu na varanda. Wametumia vigae vya nyumbani, sasa vimeanza kupatikana, na bei imetulia kidogo. Nilihitaji mtu wa plasta. Nikamwita yeye. Mama Nabwire akisikia sijui atasema nini, na wewe sijui. Usiniulize kama nimemsamehe. Kuna siku namwangalia anavyopaka ukuta nasahau, na kuna siku nakumbuka simu ile nashindwa kumpa hata salamu. Lakini mwanawe amerudi shule. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Ulikosa mtu wa kuandika kwamba wewe ni mfanyakazi wake, na mimi nilikuwa karibu nawe nikibeba ndoo, sikuwa na jina la kuandika. Sasa ninalo. Nimejiandikisha, Mzee. Kikampuni kidogo cha vigae na plasta, na mhuri wake, na jina langu. Nilirudi kwenye dirisha lile lile nikauliza kama mimi ninaweza kuwa mwajiri wa msichana kutoka Lumino. Wamenipa karatasi za kujaza, wameniambia itachukua muda, huenda wakakubali na huenda wakakataa. Wakikataa nitarudi. Nimeshazoea kupanga kitu, kukibandua na kukipanga tena.

Nakuahidi hili na ninaandika kwa mkono uliotulia. Nabwire hatapita kwenye mihogo. Hatainamisha kichwa nyuma ya mizigo ya ndizi za watu. Siku kibali kikitoka nitaenda kumchukua mwenyewe, mchana, tutapanga foleni na watu wote. Akiulizwa anakwenda wapi, atasema Kisumu. Akiulizwa kufanya nini, atasema kazi. Nami nitakuwa nyuma yake kwenye foleni, nikisikiliza anavyojibu.

Oriti, kwaheri, Mzee wangu. Mungu akulinde huko.

Ni mimi,
Awino, nyar Seme